Siku ya Kurudi Kazini Baada ya Kupasuliwa Tumbo

(Maneno ya mazungumzo yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kipini)



Leo sikuja kusema habari za nyongeza ya mshahara wala habari za michango. Nimekuja kusema juu ya swali ambalo wanachama huliuliza kwa sauti ya chini, na wengine hawaliulizi kabisa kwa kuona haya. Swali lenyewe ni hili: Mtu aliyepasuliwa tumbo ili apunguze unene, arudi kazini lini?

Najua wako watakaocheka. Watasema, "Hiyo ni shida ya wakubwa wa Nairobi, si ya watu wa Kipini." Ndugu zangu, tusicheke. Uchunguzi wa Afya na Idadi ya Watu uliofanywa Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 20 hadi 49, wanawake 45 wana uzito uliopita kiasi. Kwa wanaume ni 19 katika kila 100. Hao si wakubwa peke yao. Ni makarani, walimu, wauguzi, madereva, walinzi, wapishi, na mama zetu wa sokoni. Wengi wao watasaidiwa na chakula cha kiasi, mwendo na dawa. Lakini wako ambao unene umewaletea sukari, presha na magoti yasiyopanda ngazi, na daktari akawaambia kwamba kisu kitawafaa.

Wala jambo hili si la jana. Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza kazi hiyo mwaka 1966. Katika nchi za Ghuba, ambako jamaa zetu wengi wa pwani hufanya kazi, operesheni hii imekuwa ya kawaida. Basi ikimfikia mwanachama wetu, chama kisishangae. Chama kiwe na jibu.

Jibu langu nitalisema sasa hivi, halafu nilieleze. Siku ya kurudi kazini haipangwi na tajiri, haipangwi na deni la dukani, wala haipangwi na kovu la ngozi. Hupangwa na kazi yenyewe, ikilinganishwa na kile kinachopona ndani. Watu wawili waliopasuliwa siku moja, na daktari mmoja, katika chumba kimoja, huenda wasirudi kazini siku moja. Mmoja hushika kalamu, na mwenzake hubeba magunia.

NINI HUFANYWA NDANI

Ziko namna mbili zinazojulikana zaidi. Namna ya kwanza, daktari huukata mfuko wa chakula na kuondoa sehemu kubwa, karibu robo tatu au zaidi kidogo, na kuacha kilichobaki kama mfereji mwembamba. Namna ya pili, hufanya kifuko kidogo sana juu ya mfuko wa chakula na kukiunganisha na utumbo mdogo, chakula kipite njia ya mkato. Siku hizi kazi hii hufanywa zaidi kwa matundu madogo manne, matano au sita, si kwa kupasua tumbo lote kama zamani. Mgonjwa huinuliwa na kutembezwa siku ile ile au kesho yake, na wengi hutoka hospitali baada ya siku chache.

Hapo ndipo hatari ya kudanganyika inapoanza. Mtu hutazama tumbo lake kwenye kioo, akaona alama ndogo ndogo zilizokauka baada ya majuma mawili, akasema, "Nimepona." Ngozi imepona, ni kweli. Lakini chini ya ngozi kuna ukuta wa nyama na kano ulioshika tumbo, nao hupona polepole. Hata majuma sita yakitimia, ukuta ule haujarudisha nguvu zake zote. Na ndani zaidi kuna mshono wa mfuko wa chakula, ambao hakuna kioo kinachouonyesha.

Wazee wa Kipini wanaujua ukuta huu kwa jina la ugonjwa wake: ngiri. Ngiri ni utumbo kutafuta mlango mahali ukuta ulipolegea. Ni wangapi mnaowajua waliopasuliwa ngiri, wakarudi kupakia mizigo kabla ya wakati, na ngiri ikarudi? Basi tundu la operesheni ya unene nalo ni mahali palipolegea. Ukiinua mzigo mzito kabla ya ukuta kushikana, unajifungulia mlango wa ngiri mwenyewe.

KAZI NA MAJUMA YAKE

Madaktari wengi hukataza kuinua kitu kinachozidi kilo 5 hadi 7 hivi, kwa muda wa majuma 4 hadi 6. Ndugu zangu, hesabu hiyo tuipime kwa mizigo yetu. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Mfuko wa simiti una kilo 50. Gunia la mahindi lina kilo 90. Shirika la Kazi Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 1967, lilisema mwanamume mzima, mwenye afya yake, asibebeshwe kwa mkono zaidi ya kilo 55. Kwa hiyo mchukuzi anayerudi kubeba simiti katika juma la tatu anabeba mara saba au zaidi ya kile alichoruhusiwa. Huo si ushujaa.

Nitazitaja kazi, na majuma ambayo kwa kawaida huhitajiwa baada ya operesheni ya matundu iliyokwenda vizuri. Haya ni makadirio ya kuanzia, na daktari wako anaweza kuyaongeza.

Kwanza, kazi ya kukaa: karani, mwenye duka, mtu wa simu na vitabu. Majuma 2 hivi, wengine 3. Awe na ruhusa ya kusimama na kutembea kila saa.

Pili, kazi ya kusimama na kutembea: mwalimu, muuguzi, mpishi, mhudumu wa hoteli, mlinzi. Majuma 3 hadi 4. Lakini muuguzi asiinue mgonjwa, na mpishi asiteremshe sufuria kubwa jikoni, mpaka majuma 6 yapite.

Tatu, kazi ya kuendesha: dereva wa gari, wa pikipiki, wa tuktuk, na nahodha wa boti. Hapa si suala la majuma tu. Asishike usukani kama bado anameza dawa kali za maumivu zinazoleta usingizi, wala kama hawezi kukanyaga breki kwa nguvu bila tumbo kumshika. Na barabara yenye mashimo, mtu akiwa juu ya pikipiki, ni kazi nzito hata kama hakubeba kitu.

Nne, kazi nzito: mchukuzi, mjenzi, mkwezi wa minazi, mlimaji, mvuvi, mkata miti. Majuma 6 si mengi. Na kama alipasuliwa kwa mkato mrefu, au kulitokea matatizo, muda huwa mrefu zaidi: majuma 8, na pengine 12.

Na mama wa nyumbani je? Mama akiruhusiwa na daktari kurudi ofisini katika juma la tatu, akifika nyumbani akachota maji madumu manne na kumbeba mtoto mgongoni, amefanya kazi ya mchukuzi. Likizo ya ugonjwa ihesabu na kazi ya nyumbani. Wenye waume, vijana na mabinti nyumbani, wapeni habari hii.

NGUVU ZA MWILI, CHAKULA NA JUA

Ukuta wa tumbo ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine ni nguvu. Mtu aliyepunguzwa mfuko wa chakula hula kidogo sana katika majuma ya kwanza. Huanza na vitu vya maji maji: maji, supu iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi. Halafu vitu vilivyopondwa, halafu vilaini, na mpaka kufikia chakula cha kawaida hupita mwezi mmoja na zaidi. Gari lisilo na mafuta haliendi. Wengi husema kwamba katika majuma yale maumivu si makubwa, lakini ikifika saa sita mchana miguu haina nguvu. Hiyo si uvivu. Ni mwili unaoishi kwa akiba yake.

Sasa tuje kwenye jua la Kipini. Mtu huyu hawezi kunywa kikombe kizima kwa mara moja, kwa sababu hakina mahali pa kukaa. Hunywa mafunda madogo madogo, mchana kutwa, mpaka itimie lita moja na nusu au zaidi. Kupungukiwa na maji ni moja ya sababu kubwa zinazowarudisha hospitali watu wa operesheni hii. Basi fikirini mtu anayefanya kazi juani, anatoka jasho, na nyapara anampa nafasi ya kunywa maji mara mbili tu kwa siku. Mtu huyo ataanguka. Kwa hiyo yeyote anayerudi kazini awe na chupa ya maji karibu naye muda wote, na awe na ruhusa ya kula kidogo kila baada ya saa chache. Hilo halimgharimu tajiri hata senti moja.

Na kwa ndugu zetu Waislamu: operesheni ikikaribiana na Ramadhani, mwulize daktari mapema, na uwaulize masheikh. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku zake baadaye. Kufunga na kufanya kazi nzito katika majuma yale, huku mwili unaomba maji, ni kujitia hatarini.

Yako maneno matatu ya dawa na vinywaji. La kwanza: mwenye sukari au presha, dawa zake hubadilika upesi baada ya operesheni. Kipimo cha zamani kinaweza kumshusha sukari au presha mpaka akaona kizunguzungu, na kizunguzungu juu ya ngazi au ndani ya mashua ni hatari. Asirudi kazini kabla dawa hazijapimwa upya. La pili: vidonge vya maumivu ambavyo wafanya kazi hununua dukani kwa mgongo, kama ibuprofeni na diklofenaki, huweza kuleta vidonda katika mfuko uliokatwa. Asivimeze bila ruhusa ya daktari. La tatu: tembo la mnazi na pombe nyingine hupanda kichwani upesi zaidi, hasa kwa waliounganishwa utumbo. Kilichokuwa kidogo zamani si kidogo tena.

JIPIME NYUMBANI KWANZA

Kabla ya kutaja siku ya kurudi, mwanachama ajiulize mambo haya, na ajibu kwa kweli:

1. Je, ninaweza kutembea nusu saa, asubuhi na jioni, bila kulala chini baadaye?
2. Je, ninainuka kitandani, nainama na kukohoa bila tumbo kuniuma kwa ukali?
3. Je, ninamaliza maji yangu na chakula changu cha siku bila kutapika?
4. Je, nimeacha dawa kali za maumivu?
5. Je, nimejaribu nyumbani, siku tatu mfululizo, kukaa macho na kushughulika kwa saa zile zile za kazi?
6. Je, nimerudi kwa daktari na ameniona?

Akijibu "hapana" kwa swali hata moja, siku haijafika. Mwenye kazi ya kukaa akijibu "ndiyo" kwa yote, na aende. Mwenye kazi nzito akijibu "ndiyo" kwa yote lakini majuma 6 hayajatimia, bado asibebe. Anaweza kurudi, lakini kwa kazi nyepesi.

MWAMBIE DAKTARI KAZI YAKO

Hapa wengi hupotea. Daktari huuliza, "Unafanya kazi gani?" Mtu hujibu, "Nafanya kazi kwa kampuni." Daktari anayemwona katika mji mkubwa hajui kama yeye hukaa mezani au hubeba magogo. Hivyo huandika majuma mawili, na mtu huondoka na karatasi isiyomfaa.

Mwambie waziwazi. Sema: "Napakia mifuko ya kilo 50, saa 8 kwa siku, juani." Sema: "Navuta jarife, nasukuma mashua, nawasha mashine kwa kamba." Kisha mwombe aandike mambo matatu katika hati yake: tarehe ambayo huwezi kazi kabisa, tarehe ambayo unaweza kazi nyepesi, na uzito usiopaswa kuuzidi mpaka tarehe fulani. Hati yenye tarehe na kilo ni silaha. Hati yenye neno "apumzike" peke yake ni karatasi tu.

Wala si lazima nyapara ajue umepasuliwa nini. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti. Kitu ambacho tajiri anahitaji kujua ni kwamba huwezi kazi, tangu lini, mpaka lini, na usifanye nini. Hati itiwe mikononi mwa anayehusika, isisomwe kwa sauti mbele ya wenzako. Mwenye aibu ya kuitwa majina ndiye anayerudi mapema ili asiulizwe, naye ndiye anayeumia.

SIKU ZA SHERIA

Sasa tufanye hesabu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, inasema kwamba mfanya kazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo kwa tajiri wake ana haki ya siku za ugonjwa zisizopungua 7 kwa mshahara kamili, na baada ya hapo siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Anatakiwa kumwarifu tajiri mapema iwezekanavyo na kuleta hati ya daktari, au ya mtu anayesimamia zahanati kwa niaba ya daktari.

Jumla ni siku 14. Karani wa majuma mawili, siku hizo zinamtosha, ingawa nusu yake analipwa nusu. Mchukuzi wa majuma sita anahitaji siku 42. Amepungukiwa na siku 28. Akiongeza likizo yake ya mwaka, ambayo ni siku 21 za kazi, naye hufanya kazi siku 6 kwa juma, anapata karibu majuma matatu na nusu. Bado hajafika, na likizo ya mwaka mzima imekwisha. Tazameni basi: mwenye kazi nyepesi sheria inamtosha, na mwenye kazi nzito sheria inamwacha njiani.

Lakini msiishie hapo. Iko Amri ya Jumla ya Mishahara, ambayo kwa wale inaowahusu inatoa zaidi: siku 30 kwa mshahara kamili na siku 15 kwa nusu mshahara, kwa miezi 12. Hizo ni siku 45. Mchukuzi wa siku 42 anatosheka, na siku 3 zinabaki. Na wenye mkataba wa pamoja kati ya chama na tajiri, mkataba huweza kutoa zaidi ya hapo. Basi kila mwanachama, kabla ya kwenda hospitali, aje kwa katibu wa tawi tuangalie pamoja anaangukia wapi. Pia tuhesabu siku za ugonjwa alizokwisha kutumia, maana siku za malaria za mwezi wa tatu hutolewa katika fungu lile lile.

Na vibarua? Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja au zaidi, kazi yake huhesabiwa kuwa ya mwezi. Akipita miezi 2 akafanya kazi mfululizo kama huyo, ana haki zake za likizo ya ugonjwa. Asikubali kuambiwa, "Wewe ni wa siku, nenda ukaumwe kwenu."

Tena, akitaka tajiri kumfukuza mtu kwa kusema mwili wake hauwezi kazi, kifungu cha 41 kinamlazimu kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mfanya kazi mwenzake au mwakilishi wa chama atakayemchagua. Kwa hiyo ukiitwa ofisini, usiingie peke yako.

MVUVI NA MWENYE KUJIAJIRI

Wengi wenu hapa hamna tajiri. Bahari ndiyo tajiri, naye hasomi hati ya daktari. Hata hivyo operesheni hii haina haraka ya siku moja, kama jeraha la panga. Siku yake huchaguliwa. Basi mvuvi wa Kipini aichague kwa upepo. Kusi linapovuma, tangu Aprili hivi mpaka Septemba, bahari huchafuka na siku za kwenda baharini hupungua. Kaskazi ndiyo mavuno. Mtu akipasuliwa mwanzoni mwa kusi, majuma yake ya kupona yanaangukia siku ambazo hata mzima hukaa ufuoni. Akipasuliwa Novemba, atamwona kila jirani akirudi na samaki, na moyo utamsukuma majini kabla ya wakati.

Na mashua ina watu. Mkubaliane kabla, si baada. Aliyepasuliwa anaweza kushona nyavu, kupima samaki, kuandika hesabu ya mauzo, kukaa na BMU ufuoni. Apewe sehemu ya mgao, hata kama ni ndogo, kwa majuma yale. Kesho ni zamu ya mwingine, ikiwa si kwa unene, basi kwa ngiri. Asivute jarife, asipandishe nanga, asisukume chombo mchangani, asivute kamba ya mashine, kwa maana mvuto ule wa ghafla ndio unaopasua.

DALILI ZA KUOGOPA NA UMBALI WETU

Kipini si Mombasa. Tuko zaidi ya kilomita 200 kutoka hospitali kubwa za huko, na mafuriko ya El Niño ya mwisho wa 1997 na ya mwisho wa 2023 yalitufundisha sote wa delta ya Tana jinsi njia inavyokatika. Kwa hiyo ni vyema aliyepasuliwa akae kwa jamaa karibu na hospitali, juma la kwanza au mawili, kabla ya kuja nyumbani. Na akisafiri, gari lisimame kila baada ya saa moja au mbili atembee, kwa maana kukaa kitako muda mrefu huweza kugandisha damu miguuni. Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika mwezi wa kwanza.

Akiona mojawapo ya haya, ayaache ya kazi, atafute hospitali siku ile ile: homa, moyo kwenda mbio huku amekaa kimya, maumivu ya tumbo yanayozidi, kutapika kusikokoma au kushindwa kunywa maji, uvimbe na maumivu ya mguu mmoja, pumzi kuwa fupi, choo cheusi kama lami, kidonda kutoa usaha. Asingoje kesho, wala asingoje ruhusa ya nyapara. Amwarifu tu kwa simu, au amtume mwenzake.

WAJIBU WETU SISI WENZAKE

Ndugu wanachama, nimesema sana juu ya tajiri. Sasa niseme juu yetu. Mara nyingi anayemrudisha mgonjwa kazini kabla ya wakati si tajiri. Ni sisi. Ni yule anayesema, "Amekwenda kujipunguza tumbo kwa uzuri, na sisi tunafanya kazi yake." Ni yule anayecheka mtu akikaa kivulini kunywa maji. Ni yule anayesema kazi nyepesi ni kazi ya wavivu.

Mtu aliyeondoa sukari na presha yake atafanya kazi miaka mingi, na atalipa mchango wake wa chama miaka mingi. Tukimwachia majuma sita, tunapata mfanya kazi. Tukimnyima majuma sita, huenda tukapata mgonjwa wa ngiri, na familia yake ikaja kwetu na kofia mkononi. Haraka haraka haina baraka, na kwa mshono wa tumbo methali hiyo ni kweli kabisa.

Kwa hiyo naomba tawi letu likubali mambo matatu.

La kwanza, kila mwanachama anayekwenda kupasuliwa, kwa ugonjwa wowote, aje kwa katibu kabla ya siku ile, tuhesabu siku zake na kumsaidia kuandika barua ya kumwarifu tajiri.

La pili, mapatano ya pamoja yatakapofunguliwa tena, tudai kifungu cha kazi nyepesi: kwamba mfanya kazi mwenye hati ya daktari apewe kazi isiyozidi uzito ulioandikwa, kwa mshahara wake ule ule, mpaka tarehe iliyoandikwa. Tusingoje huruma ya mtu mmoja mmoja. Huruma hubadilika nyapara akibadilika, lakini mkataba hubaki.

La tatu, wavuvi na wenye kujiajiri waanze kibubu cha matibabu, kila mashua kwa kadiri yake, wakati wa kaskazi samaki wakiwapo.

Na wewe uliye njiani kwenda hospitali, au uliyerudi na matundu yako matano tumboni, usiulize, "Wenzangu walirudi lini?" Uliza, "Kazi yangu ina kilo ngapi, na ndani yangu kumepona kiasi gani?" Jibu la swali hilo, likiwa limeandikwa na daktari na kusimamiwa na chama, ndiyo siku yako ya kurudi.

Umoja ni nguvu.